Bandika Kazi Ingali Mbichi

Ukurasa wa maswali ya wasomaji kuhusu masomo na kazi za ubunifu

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 33. Niliingia chuo kikuu kusomea usanifu wa grafiki, nikamaliza mwaka wa kwanza na nusu ya mwaka wa pili, kisha baba akaugua. Nikaacha masomo nimuuguze na nitafute riziki. Miaka kumi iliyofuata nimeipitisha kwenye karakana ya uchapaji: kadi za harusi, kalenda, vipeperushi, vitabu vya risiti, mabango. Programu ya kuchorea ya CorelDRAW naijua nje ndani. Mwaka huu chuo kimenipokea tena, mwaka wa pili.

Wiki za mwanzo zimenitikisa. Wenzangu wengi wana miaka 20 au 21. Wanafungua Figma, programu ya kubuni skrini mtandaoni, wanachora pamoja watu watano kwenye faili moja, mimi sijui hata pa kubonyeza. Wananiita mama, na kwenye kazi ya kikundi wamenipa kuandika ratiba. Kila Ijumaa mhadhiri anataka tubandike kazi ukutani zijadiliwe. Mpaka sasa sijabandika. Nasema bado haijaisha, na kweli haijaisha. Nafikiria niahirishe muhula huu, nijifunze programu nyumbani kwa utulivu, nirudi nikiwa sawa nao. Halafu ofisi ya usajili inasema baadhi ya kozi zangu za zamani huenda zisihesabiwe. Na zile kazi za karakana, niziweke kwenye potifolio, ule mkusanyo wa kazi zangu, au nizifiche? Niambie ukweli, Mwalimu, hata kama ni mkali.

Wa Karakanani

JIBU

Marahaba, mwanangu. Usiahirishe. Ushauri wangu wote uliobaki unategemea wewe kuwa darasani Ijumaa ijayo, ndiyo maana hilo nalitanguliza.

Nafundisha studio ya mwaka wa pili, yaani darasa la vitendo la kubuni, na mara kwa mara hupokea mwanafunzi kama wewe, aliyerudi akiwa na miaka ya kazi nyuma yake, pengine na watoto. Karibu wote huniambia wanaogopa programu. Nikikaa nao naona hofu iko mahali pengine, na barua yako imepataja mahali penyewe: hujabandika.

Ila tuimalize kwanza habari ya programu. Ule mstari wa kupinda unaouvuta kwa vishikio viwili kwenye CorelDRAW ndio huohuo ulioko Figma, Illustrator na Inkscape. Hesabu yake ilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Paul de Casteljau alipokuwa Citroën mwaka 1959, na Pierre Bézier alipokuwa Renault katika miaka ya 1960, kila mmoja akitafuta njia ya kuieleza mashine umbo la bodi ya gari. Mkono wako umeuvuta mstari huo miaka kumi. Hakuna mwenzako wa miaka 20 anayekushinda hapo, na hilo utaligundua siku ya kwanza utakapoacha kutafuta vitufe na kuanza kuchora herufi.

Mapya yapo, lakini si mengi. Kuna komponenti: unachora kitufe kimoja, unakitumia penye skrini hamsini, ukibadilisha kile cha asili vyote vinafuata. Kuna mpangilio unaojinyoosha na kujikunja kufuata upana wa skrini. Huu wa pili utakusumbua zaidi, kwa sababu umekulia kwenye karatasi. A4 ni milimita 210 kwa 297, asubuhi na jioni; ukishapanga maneno yako yanabaki pale ulipoyaweka. Kwenye simu ya mtu usiyemjua, maneno yale yanashuka mistari mingine, na aliyekuza maandishi ili ayaone vizuri anavunja kila ulichopanga. Inabidi uzoee kupanga kanuni badala ya kupanga mahali. Hilo haliji kwa kujifungia nyumbani na video. Linakuja ukiwa na kazi halisi, na kijana aliyekaa kiti cha pili atakuonyesha kwa dakika chache kama utamuuliza. Muulize.

Kuhusu gharama, neno fupi. Figma huwapa wanafunzi leseni ya masomo bure wakithibitisha kwamba wanasoma. Adobe, wenye Illustrator, walihamia malipo ya kila mwezi au mwaka tangu 2013, kwa hiyo kabla hujalipa uliza kama maabara ya chuo ina leseni. Programu za Inkscape, Krita, GIMP na Scribus ni za bure kwa yeyote, na kwa kazi nyingi za mwaka wa pili zinatosha kabisa.

Sasa turudi ukutani.

Karakanani ulilipwa kwa kazi iliyokwisha. Mteja hakutaka kuona michoro kumi uliyoitupa. Ungemwonyesha, angedhani hujui unachofanya, au angechagua ile mbaya kuliko zote. Kwa hiyo ukajifunza kuficha mpaka kazi isimame yenyewe. Kuficha kule ni tabia njema, ndiyo iliyokufanya uaminike. Studio ya chuo inataka kinyume chake. Kazi inabandikwa wakati bado ni rahisi kuibadilisha, ili macho ya watu kumi na watano yaone kile ambacho macho yako mawili yameshakizoea. Ukileta bango lililokamilika hadi kivuli cha mwisho, wenzako hawana la kusema isipokuwa "ni zuri" au "silipendi", na wewe ulishalipenda mno kulibadilisha. Kipindi kizima kinapita na hujapata chochote ulichorudia chuoni kukipata. Programu utaijua peke yako. Kutazamwa na kuhojiwa na watu wanaofanya kazi uliyonayo hutakupata popote pengine kwa bei ya ada, na ndiyo maana nakukataza kuahirisha.

Kwa hiyo Ijumaa fanya hivi. Chukua karatasi, gawa vijisanduku vidogo, kila kimoja kisizidi ukubwa wa kadi ya simu ya zamani, ujaze ishirini. Tumia kalamu nene ya wino ili usiweze kuingia kwenye madoido. Kila kijisanduku kiwe mpangilio tofauti wa kazi ileile: kimoja maneno yametawala, kingine picha, kingine pengo tupu. Vitano vya mwanzo vitakuwa vile ulivyozoea kufanyia wateja. Acha vije, vitoke mkononi. Ukifika cha kumi na mbili au zaidi utaanza kuhangaika, na hapo ndipo penye kazi. Bandika vyote, pamoja na vile unavyoviona vya aibu. Chini yake andika swali moja unalotaka kujibiwa, kwa mfano: "Jicho lako limeanzia wapi?" Usiulize kama wanaipenda.

Wakiongea, andika maneno yao kama walivyoyasema, usijitetee. Hili ni gumu kwa mtu mzima, hasa anayesema akiwa mdogo kwako na akiwa amekosea kuhusu uchapaji. Andika tu. Jioni soma ulichoandika, na utaona watu watatu wamelalamikia sehemu moja kwa maneno tofauti. Dawa waliyopendekeza pengine siyo, lakini sehemu hiyo ina ugonjwa. Kupendekeza dawa ni kazi yako.

Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka mingi kabla ya kurudi. Naye alikuwa anaficha. Wiki moja kompyuta yake ilikuwa taabani, akaja na herufi alizokata kwa mkasi kwenye magazeti, zingine hazijagundishwa, akazibandika kwa pini za kushonea kwa sababu hakuwa na kingine. Alikuwa amekata herufi kama mtu anayekata kiolezo cha nguo, ameacha nafasi ya mshono pembeni, na nafasi ile ilifanya herufi zipumue kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa nayo darasani. Yeye hakuiona. Tulijadili karatasi zile hadi kipindi kikaisha. Angesubiri kompyuta ipone, angezipanga kwa fonti ya kawaida, na ule ujuzi wa mikono yake tusingeujua, wala yeye.

Kuhusu umri nakupa habari ya mtu mmoja tu. Josef Albers alizaliwa 1888, akawa mwalimu wa shule kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1920 akaingia shule ya sanaa na usanifu ya Bauhaus iliyokuwa Weimar, Ujerumani, kama mwanafunzi. Alikuwa na miaka 32, akaanza na darasa la utangulizi pamoja na vijana. Hakupita muda mrefu akawa anafundisha pale pale. Kitabu chake kuhusu namna rangi moja inavyobadilika ikiwekwa kando ya nyingine kilitoka 1963, na mazoezi yake bado yanafanyika vyuoni kwa vipande vya karatasi za rangi. Mtu aliyekwisha kufundisha watoto kusoma na kuhesabu alijua jinsi mtu anavyojifunza, na akakileta kile alichokijua.

Wewe unaleta nini? Nimeisoma orodha yako ya kadi na vitabu vya risiti kwa furaha. Wenzako wengi hawajawahi kuona bluu inayong'aa kwenye skrini ikitoka kwenye mashine ikiwa imefifia, kwa sababu skrini inachanganya mwanga wa RGB (nyekundu, kijani na bluu) na mashine inachanganya wino wa CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi). Hawajui kwa nini unaacha blidi ya milimita 3, ile rangi ya ziada nje ya mstari wa kukatia. Hawajakunja karatasi nzito kinyume cha nyuzi zake ikapasuka kwenye mkunjo mbele ya mteja. Kitabu cha risiti ni fomu: umekaa ukifikiria mahali ambapo mtu mwenye haraka ataandika tarehe, na kiasi gani cha nafasi jina refu linahitaji. Anayebuni skrini ya malipo kwenye simu anafikiria hayohayo. Yaseme hayo darasani pale yanapohusika.

Kuna jambo moja la karakana la kuwa nalo macho. Mteja akisema nembo iwe kubwa, uliikuza, kwa kuwa ndiye anayelipa. Chuoni ukipewa kazi ya kubuni bango, unatakiwa kuuliza kama bango ndilo linalohitajika. Wanafunzi waliotoka kazini hukimbilia jibu kwa sababu ni wepesi. Saa ya kwanza ya kila kazi usichore. Andika maswali, kisha nenda kamwangalie mtu atakayeitumia hiyo kazi.

Kozi za zamani: vyuo vingi vina ukomo wa miaka ambayo kozi hubaki halali, na mara nyingi kikwazo ni kwamba majina na namba za kozi zimebadilika, karani hajui ipi inalingana na ipi. Mrahisishie. Tafuta muhtasari wa kozi za mwaka ulipokuwepo, ambatanisha nakala ya matokeo, peleka maombi kwa maandishi kwa mkuu wa idara na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Omba wakupime kwa kazi zako pale karatasi zisipotosha. Ila ukiniuliza mimi, pigania historia ya sanaa na kozi za jumla, na tipografia, somo la herufi na mpangilio wake, uirudie kwa hiari hata wakikusamehe. Imebadilika sana tangu uondoke. Mwaka 2016 zilikuja fonti za kubadilika, ambazo faili moja inabeba unene na upana wote, kuanzia mdogo kabisa hadi mkubwa kabisa. Na siku hizi unapimwa pia kwa usomekaji: mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka maandishi ya kawaida kwenye skrini yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa mwangaza usiopungua 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1. Kijivu chepesi juu ya nyeupe, tulichokipenda sana zamani, mara nyingi hakifiki hapo.

Potifolio: weka kazi za karakana, chache, na uzieleze. Kadi ya harusi peke yake ni kadi ya harusi. Kadi ya harusi yenye maelezo kwamba mteja alikuwa na rangi mbili tu, siku moja, na majina ya wazazi wanne yaliyotakiwa kuwa na ukubwa sawa, hiyo inaonyesha akili ya mbunifu. Omba ruhusa ya mwenye kazi, futa simu na majina ya watu. Kisha chukua moja unayoikumbuka kwa uchungu, iliyoharibiwa na haraka, uibuni upya sasa na uziweke zote mbili sambamba pamoja na michoro ya katikati.

Na hiyo ratiba ya kikundi, irudishe. Kukuita mama ni heshima, waache. Kukupa ukarani kwa sababu wewe ni mkubwa ni kukunyima masomo, hata kama hawakukusudia. Waambie kwa upole kwamba ratiba itazunguka kila wiki, na kwamba wewe kazi hii unataka kuchora gridi na kuandaa faili za uchapaji. Kama una mtoto au mgonjwa wa kumwangalia jioni, sema mapema saa unazopatikana na saa usizopatikana, kwa mhadhiri na kwa kikundi. Ukisema mwanzoni, watapanga kazi wakijua. Ukisema usiku wa kuamkia kukabidhi, itakuwa udhuru.

SWALI

Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni baba wa miaka 41, niliacha usanifu wa bidhaa nikiwa nimebakiza mwaka mmoja na mradi wa mwisho. Tangu hapo nimekuwa fundi wa kutengeneza vifaa vya umeme vya nyumbani. Mke wangu ananihimiza nirudi nimalize. Kaka yangu mkubwa anasema nitatupa pesa kusomea kuchora wakati mashine sasa inachora kwa sekunde. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

Mwaka Mmoja

JIBU

Nzuri, ndugu yangu. Kaka yako ameona jambo la kweli, mwanzie hapo. Tangu 2022, zilipofika kwa watu programu za akili bandia zinazochora picha, kama DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion, picha nzuri ya kiti imekuwa rahisi kupatikana. Mwambie pia kwamba picha ya kiti haikaliwi.

Wewe umefungua pasi na birika zilizoharibika. Unajua parafujo ipi haifikiki bila kuvunja kifuniko, na waya upi hukatika kwa sababu unakunjwa mahali pamoja kila siku. Picha ya mashine haijui kwamba kifuniko cha plastiki kinahitaji mteremko kidogo, kwa kawaida digrii moja au mbili, ili kichomoke kwenye kalibu, chombo kinachokipa umbo, bila kukwaruzika. Haijui nani atakitengeneza kikiharibika. Mradi wako wa mwisho nauona kabisa: chukua kifaa kimoja unachokiletewa mara nyingi kikiwa na kasoro ileile, ukibuni upya kiweze kufunguliwa na kutengenezwa kwa bisibisi moja. Hakuna mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja sekondari atakayeuelewa mradi huo kama wewe.

Mashine hizo zitumie ukitaka, kwa kutafuta mwelekeo mwanzoni. Lakini omba kanuni za idara kwa maandishi, taja ulipozitumia, na tunza michoro ya mkono yenye tarehe. Hata sheria inaangalia mkono wa mtu: mwaka 2023 mahakama Marekani iliamua kwamba picha iliyotengenezwa na mashine peke yake, bila mtunzi binadamu, haipati hakimiliki.

Kabla hujalipa ada, hakikisha kwa maandishi kwamba miaka yako iliyopita bado inahesabiwa, kisha mtafute msimamizi wa mradi ukiwa na ukurasa mmoja na kifaa chenyewe kilichofunguliwa mkononi. Muulize karakana ya modeli hufunguliwa saa ngapi. Wewe unafanya kazi mchana, utaihitaji jioni na Jumamosi, na kama imefungwa saa hizo ni afadhali mkubaliane sasa namna ya kufanyia modeli zako kwenye karakana yako mwenyewe.